Gari la Musinzira

Amissi alikuwa ameshang'oa kiti cha nyuma, zulia, redio na honi, na sasa alikuwa anahangaika na kiti cha abiria. Gari la mashindano, alisema, lazima liwe jepesi. Kiti cha nyuma kilishahamia sebuleni, na Mwajuma mkewe alikuwa anawakalisha wageni juu yake kwa madaha yote ya mtu aliyeagiza kochi Ulaya.

"Na breki je, unang'oa lini?" Mwajuma alimuuliza akipita na ndoo ya maji.

"We cheka tu. Utaniona Muyinga."

Klabu ya magari ya Gitega ilikuwa ya watu wazito: daktari mmoja, wafanyabiashara wawili, na mwenyekiti Anatoli, aliyenunua helmeti kabla hajanunua gari. Amani ilikuwa imekuja. Watu waliochoka kukimbia kwa miguu sasa walitaka kukimbia kwa magari, tena kwa raha zao. Safari hii mbio zilikuwa za kutoka Gitega hadi Muyinga, na Amissi, fundi wa mtaa wa Nyamugari, aliapa kuwatia adabu wakubwa hao kwa gari jekundu la milango miwili, kuukuu kuliko ndoa yake.

Tatizo lilikuwa dogo tu: gari halikuwa lake. Alilikuta mtaa wa Musinzira wakati wa vita, limeachwa na mtu aliyekimbilia Tanzania. Akalivuta mpaka Nyamugari, walikohamia yeye na Mwajuma mwaka huohuo wakitokea Buhinyuza. Akalifunika, akalitunza, akalipenda. Mwenyewe amekufa, alijiambia, Mungu amrehemu. Lakini sasa malori yalikuwa yanarudisha watu kila wiki, na marehemu kibao walikuwa wanashuka wakiwa na afya njema kabisa. Watu hawana hata haya!

Ndipo akatokea Urbano.

Alisimama mlangoni asubuhi moja, na Kiswahili chake kimenyooka, cha Tanzania. "Samahani, kaka. Nimerudi juzi tu. Naomba kuangalia kidogo."

Kuangalia kidogo! Amissi aligeuka kulitazama gari. Gitega nzima inajua mambo haya: aliyerudi hasemi siku ya kwanza. Anasalimia, anaangalia, anakunywa maji, anakwenda. Kesho anarudi. Anampima kwanza yule aliyeshika mali yake, ni mtu wa namna gani. Siku akisema, atasema mbele ya mashahidi, na hapo kwisha.

Basi Amissi akageuka mtu mwema ghafla. Chai kwa Urbano, maandazi kwa Urbano, mchana wali na maharage, na kipande cha nyama kikipatikana ni cha Urbano.

"We mume wangu hujakula hivi hata siku ya Idi," alisema Mwajuma. "Na huyu mutu, mi naona gari hata haangalii sana."

"We unajua nini ya magari? Bon, leta chai."

Urbano aliwahi kuendesha malori huko Tanzania, na hakuwa mchoyo wa ushauri. Amissi alikuwa amekata springi ili gari liiname chini kama yale ya kwenye picha. "Ukilishusha hivi, kaka, utaacha tumbo lake kwenye mashimo ya Muyinga," Urbano alimwambia kwa upole. Zikawekwa springi nyingine ndefu. Kabureta ikarekebishwa upya kwa ajili ya milima. Halafu mgeni akainua macho juu. "Hili paa, upande huu bado linavuja?"

"Kidogo tu! Kesho mi naweka plastiki!" Amissi aliitikia haraka. Maskini, kumbe anaogopa gari lake lisinyeshewe.

Siku nyingine alimkuta uani, ameegemea mparachichi, anafuta machozi kwa mkono wa shati. Amissi akarudi kinyumenyume. Gari la ujana, jamani, halisahauliki.

Siku ya mbio akampa usukani. Huo ndio ulikuwa ujanja wake wa mwisho: mtu akishangiliwa, pengine roho italainika, pengine atasema baki nalo. Yeye mwenyewe alikaa kando juu ya kreti ya Fanta, amefungwa kwa kamba, kwa sababu kiti cha abiria fundi mmoja hodari alikuwa amekitupa. Anatoli aliwaacha wote Gitega kwa kishindo. Walimkuta mbele mlimani, gari lake linafuka moshi, yeye kavaa helmeti bado. Urbano alimpungia mkono. Wakaingia Muyinga wa kwanza.

Vigelegele! Mishikaki! Urbano alicheka, akacheka tena, kicheko cha mtu ambaye hakucheka kwa miaka mingi, na Amissi akaona aibu, aibu ya kweli. Ujanja wote ukamtoka. Akapanda juu ya bampa.

"Musikilize wote! Mi miaka yote hii niko na kitu cha mutu. Kitu cha mutu, mwenyewe akirudi, unamurudishia. Bila kesi, bila matata. Mi Amissi nasema mbele yenu wote!" Akamtia Urbano ufunguo mkononi. "Kaka, mi najua toka siku ya kwanza. Shika gari yako."

Watu walipiga makofi. Hata Anatoli, aliyefika akivutwa na trekta, alivua helmeti.

Urbano aliutazama ufunguo, akaurudisha katika kiganja cha Amissi, akamfumba vidole.

"Gari? Gari hili nimeliona kwako kwa mara ya kwanza, kaka." Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili kwa shukrani. "Nimehangaika sana, nitaanzaje kukwambia, na leo wewe mwenyewe umesema mbele ya watu wote. Mungu akubariki. Ile nyumba unayolala, aliijenga baba yangu."