Kamera ya Wael

“Ikimponyoka mtu mkononi, inazama au inaelea?”

Kristina aliinua macho kutoka kwenye kabati la vioo. Kwa miaka minne ya kuuza simu na kamera katikati ya mji wa Tanga, wateja walimwuliza habari za picha, betri na bei. Hili hakuwahi kuulizwa.

“Inazama, kaka. Ndiyo maana tuna huu mpini wa kuelea.”

“Sitaki mpini.”

“Basi chukua hii mpya. Ina kioo mbele na nyuma, na rangi hazififii upesi chini ya maji.”

Mteja alitikisa kichwa. Alitaka ile ya zamani, toleo lile lile aliloliandika kwenye karatasi, pamoja na kasha lake la kuzuia maji. Bila kasha isipite mita kumi, Kristina alimweleza, akamtilia na vifuko vya kukausha unyevu ili kioo kisifanye ukungu.

“Unakwenda kupiga picha za samaki?”

“Nakwenda kutafuta nyingine kama hii.”

Aliitwa Sele, na zamani alikuwa mwalimu wa uzamiaji. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma aliwashusha vijana wawili, ndugu, kwenye mwamba wa baharini ulio mbele ya kijiji cha Moa. Wael, mkubwa, alivaa kamera kifundoni mwa mkono. Muhanad, mdogo, aliibuka peke yake akilia: “Mwalimu katuacha!” Maiti ya Wael ilipatikana kesho yake. Kamera haikuonekana. Sele alisema alitangulia kidogo tu, akageuka, akamkuta Wael hana tena fahamu wala kamera, kisha mkondo ukampokonya. Nani alimwona akigeuka? Hakuna.

Hakushtakiwa, lakini wanafunzi walikoma. Msikitini watu waliitikia salamu yake, kisha wakakumbuka jambo upande wa pili. Mkewe, Semeni, alimchukua binti yao Maryam wakarudi kwao Pemba. Kila Ijumaa alipiga simu.

“Si mimi, baba Maryam. Ni mtoto. Hata huku shuleni wanamwita binti wa muuaji. Jina lako likisafika, tutapanda boti siku hiyo hiyo.”

“Nimesikia,” Sele alijibu kila mara. Simu ikishakatika aliendelea kuishikilia sikioni.

Kamera haina miguu, alijiambia. Bahari ndiyo iliyoichukua, na bahari ina njia zake. Akangoja siku za bamvu, maji yanapotoka kwa nguvu kama yalivyotoka siku ile, akaenda na mtumbwi wake wa mashine. Hakuna aliyekubali kuzamia naye. Alishuka peke yake, jambo alilowakataza wanafunzi wake wote. Pale alipomkuta Wael, aliiwasha kamera aliyonunua, akaifunga kwenye mshipi mrefu, akaiachia maji yaichukue kama yalivyoichukua ile.

Nyumbani alitazama kwenye video ilikobingirika. Mchanga. Majani. Mchanga. Giza.

Mara ya kwanza mshipi ulinasa. Mara ya tatu betri ilikufa kabla kamera haijatulia, akanunua ya akiba. Bamvu zilikuja na kupita. Mara ya saba kamera iliteremka mtelemko asioujua, ikakwama chini ya ubao wa matumbawe. Pembezoni mwa picha palikuwa na kitu chenye kona. Sele aliisimamisha video, akasogeza uso karibu. Baharini hakuna kitu chenye kona kama ile.

Kesho yake aliileta juu kamera ya Wael. Ilikuwa imeota mwani na kugandwa na makome madogo, lakini kasha lilikuwa bado limefunga. Ndani hapakuwa na tone. Alikausha mikono mara mbili kabla ya kuchomoa memori kadi na kuiingiza kwenye kompyuta.

Aliitazama video mara tatu. Kisha akazima, akakaa na kiganja kimefunika mdomo mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.

Ijumaa, baada ya sala, alibisha hodi nyumbani kwa kina Wael, mtaa wa Nguvumali. Hakuwahi kufika tangu maziko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Bi Shaima, mama yake Wael, alitembea kwa shida, ameuegemea mkono wa Muhanad. Kijana alimkalisha, akamwekea mto mgongoni, akamfunika miguu, akaingia ndani kuleta kahawa.

“Nasikia unazamia peke yako huko Moa,” mama alisema. “Unatafuta kifo?”

“Nilikuwa natafuta kamera ya Wael.”

Muhanad alikuwa amefika mlangoni na sinia. Hakuliweka chini.

“Umeipata?” Bi Shaima aliuliza. “Niambie, mwanangu. Nimezika mmoja. Huyu aliyebaki ndiye miguu yangu, ndiye macho yangu. Mwaka mzima nalala sijui moyo wangu umlaumu nani.”

Sele alitazama ile miguu iliyofunikwa. Kisha akamtazama kijana aliyesimama na sinia.

“Sikuipata, mama. Bahari imeila. Lakini nimechoka kubeba uongo. Muhanad alisema kweli. Niliwaacha.”

Bi Shaima hakupiga kelele. Alinyoosha kidole, akamwonyesha mlango.

Barabarani simu ya Sele iliita. Alikuwa Semeni. Aliiacha iite mpaka ikakatika, mkono wake mwingine ukiwa mfukoni, ukiikunja memori kadi taratibu.

Ilivunjika vipande viwili, pamoja na kila kilichokuwamo: mkono wa Muhanad ukimng'oa kaka yake bomba la hewa mdomoni, na kwa mbali, akipiga miguu kwa nguvu zake zote kuwarudia, Sele.