Kitambaa Namba Tisa

Namba tisa ilikuwa na urani.

Othieno alisoma tarakimu kwenye kioo cha mtambo, akapima tena, akapata zilezile. Mawe ya huku Tororo yana urani yake ya asili, kidogo tu, na kwa dakika nzima aliomba iwe hiyo. Haikuwa. Hii ilikuwa imerutubishwa kiwandani, ya aina inayokosesha serikali usingizi, na hakuna mtu wa Busia anayeikanyaga njiani kwa bahati mbaya.

Vifuko vilivyoletwa maabara vilikuwa tisa, kila kimoja na kitambaa chake cha kupangusia vumbi na namba, bila jina la mtu wala la mahali. Ndivyo kazi ya kukagua nyuklia inavyofanywa: mpimaji asijue anampima nani. Vinane vilitoka kwenye stoo za vyuma chakavu. Kimoja, kama ilivyokuwa kila mara, kilichomekwa humo na Damalie, mkuu wa maabara. Hicho huwa kitambaa safi, cha kuonyesha kwamba uchafu hautoki humohumo ndani. Kwa miaka sita Othieno hakuwahi kujua ni kipi, wala hakujali.

Wiki hii alijali. Lori la vyuma chakavu lilikuwa likivuka kwenda Kenya, kifaa cha kunasa mionzi pale mpakani kikalia. Ndani ya lori hakikuonekana kitu. Wakaguzi wakaenda kupangusa vumbi kwenye stoo zote nane lilikopakia mzigo, na polisi wakamshika mwenye stoo mmoja aliyekuwa amekaa mbele na dereva. Jina lake Olweny.

Olweny ni mdogo wake Othieno, tumbo moja. Lakini kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo karatasi ya polisi haimwambii mtu nani ndugu wa nani. Othieno alipaswa kusema siku ileile na kukaa pembeni. Hakusema. Aliogopa kumwachia mwingine kazi hiyo, na kesho yake ikawa amechelewa kusema.

Mchana huo Carol, mke wa Olweny, alikuwa amemfuata getini.

"Shemeji, bwana yangu hajakula tangu Jumanne. Nabeba chakula, narudi nayo. Polisi wanasema majibu yenu ikitoka safi, wanamwachia."

"Carol, mimi siruhusiwi kuongea na wewe hiyo maneno."

"Basi usiongee, sikiza tu. Nilikuwa hapo wakipangusa. Walianza kwa Fabiano, wakashuka na laini yote. Ya kwetu ndio ilikuwa mwisho kabisa."

Heri asingesikia. Namba hufuata mpangilio wa kupangusa, na kitambaa safi hakiwezi kuwa na urani, kwa hiyo tisa ilikuwa stoo ya mwisho, ya Olweny. Sasa alikuwa amesimama kwenye chumba kisicho na dirisha, ndani ya ovaroli nyeupe, barakoa na glavu mbilimbili, mahali ambapo mtu hana ruhusa hata ya kufuta jasho lake mwenyewe. Milango ni miwili na haifunguki kwa pamoja. Alijiona amefungiwa humo na ile namba ya mwisho, na hakuna wa kumfungulia.

Kwanza alimkasirikia Olweny. Mjinga wewe, ulinunua nini, kwa nani? Halafu akakumbuka kwamba Olweny hununua kila kinacholetwa, mabati, betri, vitanda vya hospitali, bila kuuliza kilikotoka, na kwamba hakimu hatajali kama aliuliza au hakuuliza. Angefungwa mpaka azeeke. Othieno alimpenda mdogo wake, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Vitambaa havikuwepo tena. Vilishachomwa vikawa jivu, jivu likayeyushwa kwa asidi, na kilichobaki cha namba tisa kilikuwa maji kidogo kwenye kichupa. Akayamwaga kwenye ndoo ya taka. Akasuuza kichupa mara tatu, akatia humo maji ya namba nane, ambayo hayakuwa na kitu, akapima upya na kufuta kipimo cha kwanza.

Kisha akajaza fomu: namba moja mpaka tisa, zote safi. Akatia sahihi.

Damalie aliipokea ofisini kwake, akavaa miwani, akaisoma pole pole kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alipofika chini akarudi juu tena.

"Hata namba tisa, Othieno?"

"Hata hiyo, Madam."

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara mbili."

Hakumlaumu. Alivuta droo, akatoa bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akaipasua na kumwekea karatasi mezani. Uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu aliyeharibikiwa na mashine.

"Moja mpaka nane ndio stoo, kwa mpangilio walivyopangusa. Tisa ni yangu. Miaka yote nilikuwa naweka kitambaa safi. Safari hii niliidondoshea urani mwenyewe, nione kama mashine yetu bado inaona."

Othieno alitafuta namba nane kwenye karatasi: stoo ya Olweny.

"Kumbe haioni," Damalie alisema. "Na kama haikuona hiyo, basi hizo nane za stoo, hata kama zimetoka safi, siwezi kuziamini. Zinatupwa zote. Na kule stoo walishaosha, hakuna vumbi ya kupangusa tena."

Akainua simu.

"Polisi wanasumbua tangu asubuhi, wanataka kumwachia huyo mtu wao, Olweny. Wacha niwaambie wakae naye."