Masahihisho ya Kapteni

"Huu mnara umekaa vibaya," alisema Kapteni, akigusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye mafuta ya keki.

Binti mwenye kompyuta alifuta alama ya kidole kwa upindo wa gauni, akachukua kalamu. "Vibaya vipi?"

"Uko karibu mno na njia ya kurukia ndege. Wenyewe uko kule nyuma, jirani na matangi ya mafuta. Nimetua pale mara kumi na moja, siwezi kusahau."

Binti akaandika: mnara, nyuma, matangi.

Shangazi yake, aliyesimama mlangoni na birika la chai, alimtazama mgeni kwa macho ya mtu anayeona sala yake imejibiwa, tena imekuja na sare. Na sare ilikuwepo kweli: shati jeupe, mistari minne ya dhahabu kila bega, kofia mapajani. Ilikuwa Jumapili, na safari yenyewe ilikuwa ya kutoka kituo cha basi hadi sebuleni kwao, lakini huwezi kujua. Pengine angeitwa kwa dharura kulirusha kochi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kumjibu Kapteni. Alikuwa ameleta posa miezi miwili iliyopita kupitia kwa shangazi, na binti alikuwa ameomba muda mara tatu. Sababu yake ilikuwa moja tu: hamwamini. Baba, mtu wa haki, aliona hiyo si sababu.

"Ukimkataa, utaje kosa lake," alimwambia asubuhi wakitoka ibadani. "Ukikosa la kutaja, jioni tunamjibu ndiyo."

Shangazi hakuona haja ya kungoja jioni. Alikuwa ameshamshukuru Mungu kwa wajukuu. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja, umri ambao kwa hesabu za shangazi ni sawa na maziwa yaliyosahaulika juani.

Na kazi yake ndiyo ilizidi kuharibu mambo. Alitengeneza viwanja vya ndege vya kwenye kompyuta. Watu wa nchi za mbali wenye mchezo wa kurusha ndege walivinunua, wakaviongeza kwenye mchezo wao, wakatua humo wakiwa wamevaa kandambili. Alichora kila kitu: nyufa za lami, taa, mabenchi, hata kutu ya uzio. Shangazi aliijumlisha kazi yote hiyo kwa neno moja: katuni.

"Mwonyeshe Kapteni hizo katuni zako," ndivyo alivyosema baada ya keki. "Leo usahihishwe na mtu anayejua."

"Bado sijamaliza, Shangazi."

"Basi akumalizie yeye."

Kapteni alivuta kiti, akasoma jina la uwanja lililoandikwa juu ya paa la jengo, akapiga kofi kama aliyekutana na rafiki wa utotoni. "Ah! Hapa? Hapa napajua kama kiganja changu!" Na ndipo alipoanza na mnara.

Baada ya mnara hakushikika tena. Jengo la abiria lina milango mitatu, si miwili. Uzio ni wa waya, si wa matofali. Ule mlima wa mwisho wa njia umepunguzwa mno. Ukiuona kwa macho yako wiki nzima hulali. Akasimulia jinsi upepo wa ubavuni ulivyomkamata hapo hapo mwezi wa saba, rubani msaidizi akilia kama mtoto, abiria wakiungama dhambi kwa sauti.

"Ukafanyaje, baba?" aliuliza shangazi.

"Nilimwachia Mungu, Shangazi. Mimi nikasaidia kidogo tu."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu mwanangu kwa kawaida huwasumbua watu wa viwanja anavyovichora mpaka wanamzimia simu. Nipigie picha ya paa, nipigie picha ya choo. Safari hii hakuomba picha hata moja. Kumbe ndiyo maana kajaza makosa!"

"Si mbaya kwa mtu ambaye hajawahi kufika," alisema Kapteni kwa huruma.

"Kweli, sijawahi kufika," binti alikubali, bila kuinua kichwa. "Na mgahawa? Nimeuweka kushoto."

"Kulia! Kuna mama mmoja pale, ananijua kwa jina. Nikishuka tu, chai yangu iko mezani."

Binti akamwandika na huyo mama. Masahihisho yalipofika kumi na saba alimpa Kapteni karatasi aikague. Kapteni aliikagua, akaongeza la kumi na nane, kisha akatia saini kwa mbwembwe, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Mnaona?" shangazi alisema. "Hata kazini watasaidiana. Kaka, tunangoja nini?"

Baba alikohoa, akamgeukia binti yake. "Haya, mama. Una la kutaja, au tumjibu mgeni?"

"Nimshukuru kwanza, Baba. Mbele ya wateja wangu wote."

Kapteni alirekebisha kola. Binti alifungua ukurasa wa mtandaoni ambako uwanja ungeuzwa, akashuka hadi kwenye maelezo aliyoyaandika mwezi mmoja nyuma, akaongeza mstari mmoja chini yake. Kisha akamgeuzia shangazi kioo, akamwomba asome kwa sauti, maana Baba hakuwa na miwani.

Shangazi aliweka birika chini, akajifuta mikono, akasoma kwa ile sauti yake ya kusomea neno ibadani:

"Uwanja huu ni wa kubuni, haupo mahali popote duniani. Shukrani za pekee kwa Kapteni, rubani pekee aliyewahi kutua hapo."