Sisimizi Nyuma ya Kichuguu

Nyegere alikuwa mwalimu wa afya wa watoto wa wanyama, na kila asubuhi aliwakataza vitu vitamu. Yeye mwenyewe hakubanduka kitini ila kwenda haja, na chini ya kiti hakikukosekana kibuyu cha asali. Alikiita dawa ya koo.

Siku moja aliwafundisha dalili za kisukari. "Mgonjwa hushikwa na kiu isiyokatika," alisema, huku akinywa maji. "Hukojoa kila mara, na sukari ikizidi kwenye mkojo, sisimizi huufuata."

Wakati wa mapumziko Kindi alikuja mbio. "Mwalimu, sisimizi wamejaa nyuma ya kichuguu. Kuna aliyekojoa pale."

Nyegere hakuuliza zaidi. Aliwapanga watoto mbele ya kiti chake, akamnyooshea kidole Kiboko mdogo, aliyekuwa mnene kuliko wote. "Pita mbele wenzako wakuone. Nilijua tu ni wewe, mlafi."

Kiboko alilia mpaka akashikwa na kwikwi. "Mwalimu, mimi hukojoa mtoni," alisema. "Na kule nyuma ya kichuguu ulitukataza. Ulisema ni choo cha walimu."

Shule nzima ilikuwa na mwalimu mmoja.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza Nyegere zaidi. Alijaribu kukificha kibuyu kwa mguu, kikapinduka, asali ikamwagika mbele ya wote.

Kiboko alifuta machozi, akamletea maji. "Kunywa, Mwalimu," alisema. "Una kiu tangu asubuhi. Halafu tukusindikize zahanati."

Nyegere aliyapokea bila kuinua uso.