Hodi Hadi Kigoma

Zama hizo sauti zilisafiri nyumba hadi nyumba, zikipitia kisanduku kilichokaa jikoni kwa kila mtu. Simu ikikwama, ulipiga hodi kwenye kisanduku chako, ikapita njia nzima, na kila kisanduku kiliitikia kwa jina la mwenye nyumba. Pale ulipokosa jibu, ndipo palipokwama. Hukwenda kumgombeza mtu. Ulimpelekea sahani ya kitu cha moto, ukamwomba akizime kisanduku chake akiwashe tena.

Basi Mwantumu, mama yake Zubeda, alikaanga vitumbua mapema kabisa. Wiki nzima sauti ya mumewe Shekue, aliyekuwa kazini Kigoma, ilikuwa ikikatikakatika. Alivifunika kwa kawa, akafuta mikono, akapiga hodi kisandukuni.

“Karibu,” kisanduku kikaitika. “Hapa ni jikoni kwa Mwantumu.”

Akangojea kisanduku cha pili kiitike, cha jirani yake Bi Mize. Badala yake kisanduku chake mwenyewe kikasema, “Safari imekwisha. Umefika kwa Shekue.”

“Nimefika wapi, we! Hata nje sijatoka!”

Akapiga hodi tena. Jibu likawa lile lile. Alibeba sahani hadi mlangoni, akasimama, asijue aipeleke kwa nani. Bi Mize hakuwa na kosa. Nyumba zote za njiani hazikuwa na kosa; hodi haikupitia hata moja.

Ndipo sauti ya mumewe ikatoka kisandukuni, safi, bila kukatika hata kidogo.

“Mama Zubeda, mbona umeduwaa hapo mlangoni? Vitumbua vinapoa.”

Mwantumu hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba amepika.