Vyungu vya Harusi

Vyungu vilikuwa bado vya moto ndani ya majivu, na jua lilikuwa linazama.

"Bi Nyamizi, kesho asubuhi hatutakuwepo," alisema Mapunda, mtangazaji wa kipindi cha sanaa cha televisheni, aliyekuja na kamera kurekodi vyungu vikitolewa. Nyamizi alikuwa akikitazama kipindi hicho kwa jirani tangu hajaolewa. Sauti ya Mapunda aliijua kuliko za shemeji zake, na sasa ilikuwa inalitaja jina lake.

"Vikipigwa na upepo vitapasuka, wifi," alisema Sikujua, aliyefinyanga naye mwezi mzima. "Harusi ya watu ni Jumamosi. Watapikia kamera?"

"Nimechoma vyungu kabla sijakujua wewe."

Nyamizi alijifunga kanga upya, akachukua mti mrefu, akaanza kuondoa majivu.

Chungu cha pembeni, kilichokuwa kimekwisha kupoa, kilitoka chekundu na kizuri. Mapunda akakisifia, akakiomba. Kisha ndani ya majivu kitu kikalia, kama kucha inayogonga kioo. Kikafuata kingine.

Fundi wa sauti alifumba macho ili asikie vizuri. "Mlio mtamu huo," alisema. "Mama, usiongee kidogo."

Nyamizi aliendelea kufukua. Alitabasamu kama alivyoelekezwa, mpaka taa ya kamera ikazimwa.

Gari lilipoondoka, Sikujua alipita akigonga kila chungu kwa kidole. Cha wali kilikuwa kimepasuka. Vya mchuzi, vyote viwili, vimepasuka. Mtungi wa kumwogeshea bibi harusi umepasuka. Kizima kilikuwa kile cha pembeni, nacho Mapunda alikuwa amekipakata garini.