Wageni Watatu, Sinia Moja

Zamani wanyama walipoalikana harusi, watu wa ukoo mmoja walikula sinia moja, na asiye wa ukoo alitengewa lake. Ndiyo maana Njiwa alikuwa amenuna. Bi Kanga, mwenye shughuli, alibakiwa na sinia moja tu la pilau, akamkalisha Njiwa pamoja na Kambare wa umeme na Kimulimuli.

"Mimi kichwani nina sumaku inayonionyesha kaskazini," alisema Njiwa. "Siwezi kula na mpiga watu umeme."

"Kwani nani kakubembeleza?" alijibu Kambare kutoka kwenye beseni lake.

"Mimi ni nuru," alisema Kimulimuli. "Sina baba wala mama."

Kambare akapandwa na hasira, akatikisa umeme wake. Papo hapo sumaku ya Njiwa ikayumba, kaskazini ikahamia jikoni. Njiwa naye akazungusha kichwa kwa ghadhabu, Kambare akaruka.

"Nani kanipiga kwa umeme wangu mwenyewe?"

Umeme ukaamsha sumaku, sumaku ikaamsha umeme, hadi mtikisiko ule ukawaponyoka wote wawili, ukapaa hewani ukimeremeta.

"Jamani, hiyo si nuru?" alipiga kelele Kimulimuli.

"Kumbe ni ukoo mmoja," alifoka Bi Kanga, "na mnanisumbua na masinia!"

Njiwa aliona haya. Kimulimuli alikwisha kujibana ubavuni pake.

"Mama," alisema, "nisogezee nyama. Na mwambie baba asimalize kachumbari."